Tuwapatanishe Vijana Wetu

Ndugu Waislamu, huko Kisauni, Mombasa, vijana wa makundi hasimu ya Wakali Kwanza na Wakali Wao walikatana mapanga katika miaka ya 2010, hali ni watoto wa mtaa mmoja. Mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku makundi yapatayo 90, visasi havikukoma.

Aws na Khazraj wa Madina nao waliuana hadi vita vya Buathi, kisha Uislamu ukawafanya ndugu. Suratul Hujurat, aya ya 9, haikomei kwenye suluhu: inaamrisha anayedhulumu azuiwe, kisha wapatanishwe kwa uadilifu.

Basi sisi wazazi wa Msangano na Tunduma tusiwaachie polisi peke yao. Tuwajue rafiki za wanetu, tuwakalishe mahasimu pamoja, na suluhu yao tuilinde. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.