Pneu ya bei chini: tuangalie umri wake

Ndugu wafanyakazi, na nyinyi bamama wenye kulinda feza ya nyumba, leo tunasema juu ya pneu. Wengine watacheka: sendika imeacha mishahara, inaingia mu garaji? Lakini mshahara unaishia pale. Kijana anapata kazi kwa mine, mwaka haujaisha anajinunulia motokari ya sport, ya mtindo wa zamani, ya chini-chini, yenye jante kubwa. Shida inaanza siku pneu zinaisha.

Hatumkatazi. Mwenye kutoka jasho ana haki ya kufurahi. Tunasema tu: anachagua vibaya.

Anaenda kwa pneu za okazi zenye kutoka Ulaya, anaangalia michoro tu. Ikiwa mirefu, analipa. Lakini michoro haisemi umri, na mpira unazeeka hata gari ikikaa kivulini. Umri umeandikwa ubavuni, kwenye mstari wa herufi DOT: namba ine za mwisho. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, pneu ilitengenezwa mbele ya 2000. Iache pale pale. Wakati mwingine namba ziko upande wa ndani, basi muuzaji ageuze. Akikataa, twende kwa mwingine. Viwanda vingi vinasema miaka 10 ndiyo mwisho, hata michoro ikiwa ingali mizuri.

Vijana wanamjua Paul Walker wa sinema za magari. Alikufa tarehe 30 Novemba 2013 kule California, ndani ya Porsche Carrera GT iliyoendeshwa na rafiki yake. Wachunguzi walisema sababu ni mbio, lakini waliandika pia kwamba pneu zilikuwa na miaka 9. Gari ya bei vile, na pneu nzee!

Tena, jante kubwa inakula feza. Pneu ya 225/45 R17 ina ubavu mfupi. Ikiingia mu shimo, jante inapinda. Pneu ya 195/65 R15 ina kimo karibu kile kile, milimita 634, kwa hiyo kihesabu mwendo hakidanganyi. Ni ya magari mengi ya kawaida, inapatikana, bei iko chini, ubavu wake unavumilia mashimo. Mekanisien apime kwanza kama jante ya 15 inapita juu ya freni, na namba ya uzito isipungue ile ya kiwanda. Gari haitapendeza kama mbele, ndiyo. Na kama feza inatosha pneu mbili tu, zile nzuri ziwekwe nyuma, sababu mu mvua gari inageuka kwa mkia.

Sasa, neno kwa wakubwa wetu. Pneu ya lori kubwa la mine inapimwa, inaandikwa, maana inakula maelfu ya dola. Na bisi zinazotubeba asubuhi kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, nani anasoma DOT yake? Tunaomba kila delege aandike namba za pneu za bisi ya ekipe yake, azipeleke kwa komite ya usalama, na jibu litolewe kwa maandishi mbele mvua haijaanza.