Haki ya Larry Holmes



Bwenini kwetu mazungumzo ya ngumi yakianza, jina ni moja tu: Muhammad Ali. Wazee wametusimulia jinsi alivyomwangusha George Foreman pale Kinshasa mwaka 1974, nasi twamsifu, kwani yastahili. Lakini leo nataka kumtetea mtu ambaye hatumtaji kamwe: Larry Holmes.

Holmes aliacha shule angali mtoto, akaosha magari mjini Easton, Marekani, ili apate riziki. Baadaye akawa mwenzake Ali katika mazoezi. Mwaka 1978 alimshinda Ken Norton kwa raundi 15, akawa bingwa wa uzito wa juu. Aliutetea ubingwa mara 20, wala hakushindwa hata mara moja mpaka mwaka 1985, alipokutana na Michael Spinks.

Basi kosa lake nini? Mwaka 1980 alipigana na Ali, ambaye nguvu zilikwisha kumtoka, akamshinda. Watu hawakumsamehe.

Jambo hili nalijua. Mwaka huu nimepewa unahodha wa mpira baada ya nahodha aliyependwa na wote. Hata tukishinda, husemwa: "Angekuwapo yule, tungefunga zaidi." Simwonei wivu, ndiye aliyenifundisha. Lakini kumfuata mtu mkubwa si dhambi.

Tumpende Ali, ila tusimdhulumu Holmes. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.