Bastola ya Kibindoni na Mamlaka ya Majimbo

Mabishano ya Marekani juu ya leseni za kuchukua bastola kibindoni hudhaniwa na wengi kuwa ni ugomvi wa wapenda bunduki na wasiozipenda. Sivyo hivyo tu. Ndani yake mna swali zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kuamua mambo ya usalama wa barabarani na sokoni, jimbo au Serikali Kuu?

Kwa muda mrefu majimbo yalijiamulia yenyewe. New York ilitunga sheria yake ya leseni mwaka 1911. Vermont haikupata kudai leseni yoyote. Kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yamemruhusu mtu mzima asiyezuiwa na sheria aifiche bastola nguoni pasipo kibali. Hivyo avukaye mpaka wa jimbo aweza kuwa raia mwema asubuhi na mhalifu adhuhuri, kwa bastola ile ile.

Wapo waonao hali hiyo kuwa ni dhuluma. Mwaka 2013 pendekezo la kuyalazimisha majimbo yatambue leseni za wenzao lilipata kura 57 dhidi ya 43 katika Seneti, likaanguka kwa sababu zilihitajika 60. Desemba 2017 Bunge la Wawakilishi lilipitisha mswada wa namna hiyo kwa kura 231 dhidi ya 198, lakini Seneti haikuupitisha. Mwaka 2025 uliletwa tena.

La kustaajabisha ni kwamba waupiganiao zaidi ni Warepublican, wale wale waliohubiri miaka nenda miaka rudi kwamba Washington isiyaingilie majimbo. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Serikali Kuu haiwezi kuwaamuru maofisa wa majimbo wawachunguze wanunuzi wa bastola, na watetezi wa bunduki wakashangilia. Leo watu wa mrengo huo huo wanaitaka Serikali Kuu iyaamuru majimbo. Wademokrati nao, waliozoea kuikimbilia Washington, wamejificha nyuma ya haki za majimbo. Kauli ambayo, walimu wa historia watakumbuka, ilikuwa ngao ya wabaguzi wa Kusini.

Wala isidhaniwe kuwa uamuzi wa karibu daima ni uamuzi wa haki. Mwaka 1956, nyumba yake ilipokwisha kupigwa bomu mjini Montgomery, Martin Luther King aliomba leseni ya kuchukua silaha. Wakubwa wa Alabama walimnyima. Sheria iliyomwachia ofisa apime ni nani anayestahili ilimwachia pia apime kwa rangi ya ngozi. Kwa hiyo hukumu ya tarehe 23 Juni, 2022, iliyoandikwa na Jaji Clarence Thomas na kuungwa mkono na majaji sita dhidi ya watatu, kwamba raia halazimiki kuthibitisha haja ya pekee ndipo apewe leseni, haikukosa msingi.

Lakini hukumu hiyo haikufuta leseni. Majimbo yalibaki na uwezo wa kumchunguza mwombaji na kumtaka afunzwe. New York ilitunga sheria mpya mara moja: saa 16 za darasani, saa mbili za kulenga shabaha, na bastola marufuku katika Times Square. Mswada wa 2017 ungalizifanya saa hizo kuwa bure kwa mgeni, kwani mkazi wa jimbo lisilodai leseni angaliingia New York na bastola yake kwa kitambulisho tu. Haukuweka sharti lolote la mafunzo kwa nchi nzima.

Watetezi wake husema leseni ya udereva nayo hutambuliwa kila mahali. Ni kweli, lakini kila jimbo humtahini dereva kabla ya kumpa leseni. Bunge likitaka haki moja kwa nchi nzima, halina budi kuweka masharti mamoja kwanza, pamoja na daftari ambalo askari aweza kulitazama usiku wa manane. Daftari hilo la nchi nzima halipo. Askari angalibaki njiani na kitambulisho cha jimbo la mbali mkononi, akijua kwamba akimzuia mwenye haki, mswada umempa mtu huyo ruhusa ya kwenda kushtaki mahakamani.