Dawa mpya ya damu isitufanye tuache ya zamani



Katika familia zetu wamo watu waliowekewa vali ya bandia moyoni. Kila jioni humeza warfarini, na kila baada ya muda hupanda basi kwenda kupimwa damu. Dawa ikiwa pungufu, bonge la damu laweza kuganda kwenye vali na kuleta kiharusi. Ikizidi, mtu hutokwa damu. Hata mboga huingilia: akila mchicha mwingi wiki hii, na wiki ijayo asiuguse, kipimo huyumba. Mgonjwa wa namna hiyo akisikia kwamba Ulaya kuna dawa mpya isiyotoa damu ovyo, nani atamlaumu akifurahi? Hofu yetu ni kwamba ataacha vidonge vyake huku akiingoja.

Dawa inayozungumzwa ni asundeksiani, ya kampuni ya Bayer ya Ujerumani. Damu huganda kwa msaada wa protini kadhaa, na dawa hii huzuia ile ambayo madaktari huihesabu ya kumi na moja. Haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Wapo watu wanaozaliwa na upungufu mkubwa wa protini hiyo, nao hupata kiharusi cha damu kuganda kwa nadra kuliko wengine, na kwa kawaida hawatokwi damu bila kuumia.

Wazo zuri, lakini halikutosha. Wagonjwa 14,810 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpango waligawanywa: wengine wakapewa asundeksiani, wengine apiksabani, dawa iliyokwisha kuzoeleka. Novemba 2023 utafiti ulisimamishwa. Ni kweli, waliotokwa damu sana kwa dawa mpya walikuwa 17 tu, dhidi ya 53. Lakini waliopata kiharusi, au bonge la damu lililoziba mshipa kwingineko, walikuwa 98 dhidi ya 26. Mlinzi asiyemgonga mtu wa nyumbani ni mwema, ila akimwachia mwizi mlango ana faida gani?

Kampuni haikukata tamaa. Novemba 2025 ilitangaza matokeo ya utafiti mwingine, wa watu zaidi ya 12,000 waliokwisha kupata kiharusi kisichotokana na moyo, au dalili zake za kupita. Walipewa dawa hiyo pamoja na dawa zao za kawaida za jamii ya aspirini. Viharusi vilipungua, na kutokwa damu kwa hatari hakukuongezeka. Kampuni ikasema itaomba kibali. Kwa maoni yetu, kwa wagonjwa wa aina hiyo dawa ina matumaini ya kweli ya kukubaliwa.

Lakini kibali hutolewa kwa ugonjwa uliopimwa, si kwa kila mwenye shida ya damu. Mwaka 2012 dabigatrani, nayo ikiwa mpya na yenye sifa, ilijaribiwa kwa wenye vali za chuma. Ikabidi kuacha, kwa kuwa ilileta mabonge mengi na damu nyingi kuliko warfarini. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya wagonjwa wapatao 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Hao ndio wanaofanana na wagonjwa wetu.

Kwa hiyo anayetumia warfarini asiiache wala asiibadili bila daktari wake. Mama anayeitumia, akitaka mtoto, amwone daktari kabla ya kushika mimba, maana dawa hii yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Nasi tungefurahi zaidi kuona zahanati ya karibu ina kile kimashine kidogo kinachopima kuganda kwa damu kwa tone la kidoleni. Kipo tayari, hakingoji utafiti. Kingempunguzia mgonjwa safari na nauli, na daktari angejua mapema dozi inapoyumba.