Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Nani Atazamwe Kwanza Mubambiro?

Mheshimiwa Waziri wa Afya ya Umma, Kinshasa,

Mubambiro iko wilayani Masisi, kando ya barabara ya Goma kwenda Sake. Mapigano yalipofika Sake Februari 2024, watu walikimbilia Goma kwa barabara hiyo. Januari 2025 Sake, kisha Goma, zikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, inayosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ikapokea majeruhi wengi kuliko vitanda vyake, na waganga wakalazimika kuamua nani apasuliwe kwanza.

Katika vituo vya afya vya vijijini, kama huko Mubambiro, uamuzi wa namna hiyo hufanywa na muuguzi, mara nyingi akiwa peke yake.

Chukua kipindupindu, ugonjwa usiokwisha kandokando ya Ziwa Kivu. Kwenye benchi kuna mtoto wa homa anayelia, mzee mwenye kidonda, na mama aliyenyamaza, macho yamedidimia, mapigo ya mkononi hayasikiki. Huyo aliyenyamaza ndiye wa kwanza, hata kama amefika wa mwisho. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaukiwa maji kiasi hicho anahitaji lita 6 za serumu ya Ringer ndani ya saa 3, karibu lita 2 kati ya hizo katika nusu saa ya mwanzo. Basi ijulikane nani atabadilisha mfuko, nani atapima mapigo kila robo saa, lini mgonjwa ataanza kunywa maji ya chumvi na sukari, na nani anamtazama yule mtoto wakati huo. Mpango huo usipoandikwa, muuguzi wa zamu ya usiku anaanza upya.

Shule za uuguzi nchini hufundisha mahitaji 14 ya msingi ya binadamu yaliyoorodheshwa na Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani. Ni msingi mzuri. Lakini kujua lipi litangulie mbele ya benchi lililojaa hakuji kwa kukariri. Kunataka mazoezi kando ya muuguzi mzoefu.

Kuna kikwazo kizito zaidi. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, wanaishi kwa ada za wagonjwa. Ni vigumu kumwambia mtu kama huyo asiulize pesa kabla ya kushika mkono wa mgonjwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, walipwe kwanza. Kisha kila kituo kiweke muuguzi mlangoni, awatazame wanaofika kabla ya kadi na malipo. Iwepo pia fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa na Kiswahili, inayotaja tatizo la kwanza la mgonjwa, alichopewa na saa ya kumpima tena, isafiri naye hadi Goma. Mstari wa vita kati ya serikali na M23 usiicheleweshe kazi hii: hospitali za makanisa na mashirika ya misaada yanayohudumu wilaya za Masisi na Walikale yanaweza kupeleka fomu na mafunzo hayo. Yapewe idhini sasa.