Mtoto wa Walikale na Masomo ya Sanaa

Mtoto akipata diploma ya Serikali huku kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, ukoo mzima humshauri: soma sheria, soma udaktari, soma madini, sanaa waachie wenye amani. Wazazi wa Masisi wanaouza ng'ombe ili kulipa ada wanayasema hayo kwa uchungu wa kweli, nami siwabezi. Lakini ushauri huo ni mbaya, na vita ndiyo sababu yangu kubwa ya kuupinga.

Mwaka 1956, katika Walikale, mtambaji wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke aliimba utenzi wa shujaa Mwindo kwa siku 12. Alicheza huku njuga zikilia miguuni, mkono mmoja umeshika usinga, mwingine unatikisa kibuyu, na vijana wakimpigia mdundo. Mbelgiji Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuandika, ukachapishwa California mwaka 1969. Mateene alikuwa Mnyanga, na baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Utenzi huo leo unasomwa vyuoni ng'ambo. Ungetufikiaje kwa Kinyanga chenyewe kama kazi ile isingekuwa na mtu aliyezaliwa ndani ya lugha na pia akaisomea?

Tuvuke kusini kwa majirani, Walega. Kisanamu chao cha pembe ya ndovu kinaenea kiganjani. Wekundu wake umetokana na mafuta kiliyopakwa mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka. Katika sherehe za Bwami, chama chao chenye madaraja, kilitolewa kikapuni, kikachezewa ngoma, kikasemewa methali, na aliyekuwa anapandishwa daraja akafundishwa mwenendo wa mtu mzima. Serikali ya kikoloni ikapiga marufuku Bwami mwaka 1948. Sasa visanamu hivyo vimesimama nyuma ya vioo Ulaya na Marekani, methali zake hazipo, na kadi iliyo chini yake mara nyingi inataja kabila tu. Kuuliza kilikuwa cha nani, kiliuzwa au kiliporwa, kilipita mikono ya nani hadi kikafika hapo: hiyo ndiyo kazi anayofundishwa mwanafunzi wa historia ya sanaa. Ni kazi ya upelelezi, na ina mbinu zake.

Kazi hiyo inatusubiri. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi Kinshasa orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren, na Julai mwaka huohuo ikatunga sheria ya kufungua njia ya kuvirudisha. Tutume wanasheria, sawa. Mwanasheria atadai nini ikiwa hana wa kumwambia kwamba kiti hiki ni cha mwami na kile kilichongwa kwa ajili ya watalii? Tukikosa watu wetu, majibu yatatoka kwa walewale walioandika kadi.

Watu hunijibu kwa swali la ajira. Goma ina vijana wengi wenye shahada za sheria wanaoendesha pikipiki za abiria, na sijamsikia mtu akitaka kitivo cha sheria kifungwe. Madini nayo? Koltani ya Rubaya imeingia kwenye simu za dunia nzima, na mchimbaji anayeibeba mgongoni bado anaishi chini ya turubai. Akademia ya Sanaa ya Kinshasa, iliyoanzia Gombe-Matadi mwaka 1943, inafundisha uchongaji, ufinyanzi, kazi ya chuma, usanifu wa ndani ya nyumba na michoro ya matangazo. Hizo ni kazi za mikono zinazolipwa, na Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, iko karibu nasi zaidi kuliko Kinshasa.

Kusubiri amani ndiko kunakoniuma zaidi. Kijiji kikichomwa, vikapu na viti vya wazee huungua pamoja na nyumba. Wazee wanaojua ngoma za Wahunde na tambo za Wanyanga wamekimbilia Goma na Bukavu, wamezeeka, na wengi hawajarekodiwa. Anayejua kupiga picha ya kifaa, kukipima, kukiandika na kumhoji aliyekitumia anahitajika sasa hivi. Jimbo na parokia zinazogawa ufadhili wa masomo zitenge nafasi za sanaa kila mwaka kwa watoto wa Masisi na Walikale, wakiwemo waliosoma wakiwa wakimbizi, na wanafunzi hao waanze na wazee hawa kabla ya kwenda Tervuren.