Gia 21 na Shokapu Si Ubora wa Baiskeli

Miongoni mwa wakazi wa miji ya Afrika Mashariki wanaotafuta baiskeli yao ya kwanza iliyo bora, ya kwendea kazini, sokoni au chuoni, imeota mizizi imani kwamba ubora huonekana kwa macho tu. Gia zikiwa nyingi, shokapu zikiwepo mbele na nyuma, na matairi yakiwa na meno makubwa, baiskeli huhesabiwa kuwa ya maana, na ile isiyo na vitu hivyo huonekana kuwa ya muuza mkaa au ya mtu aliyekosa uwezo wa kununua nyingine. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake si madogo, kwani huwafanya watu watumie akiba ya miezi mingi kununua chombo kinachowachosha, kinachoharibika mapema na kinachoishia kushika kutu nyuma ya nyumba, huku mwenyewe akirudi kwenye daladala akiwa ameshawishika kwamba baiskeli haifai mjini.

Baiskeli hiyo ya gia nyingi na shokapu, inayoitwa ya milimani, ilizaliwa California katika miaka ya 1970, pale vijana wa Marin walipoanza kuteremka kwa kasi katika njia za vumbi za mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene. Hata hao hawakuwa na shokapu, kwa kuwa foki za shokapu, yaani zile zenye springi ndani ya miguu inayoshika gurudumu la mbele, zilianza kuenea sokoni kuelekea miaka ya 1990. Zilibuniwa kwa ajili ya mawe na mizizi ya miti, wala si kwa ajili ya lami ya Barabara ya Morogoro au mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Shokapu iliyotengenezwa vizuri ina mambo mawili: springi au hewa inayopokea mshtuko, na mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu membamba ili springi isirudi kwa fujo. Katika baiskeli za bei ya chini sehemu ya pili mara nyingi haimo kabisa, kwa hiyo kinachobaki ni springi inayodundadunda, yenye uzito mkubwa, ambayo kila mwendeshaji anapokanyaga pedali kwa nguvu hunywea na kula sehemu ya nguvu hiyo. Ile ya nyuma ina ubaya zaidi, kwa sababu huigawa fremu vipande viwili vinavyounganishwa kwa bushi, na bushi hizo zikiingiwa na mchanga hulegea mpaka gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii ni kwamba bei ni ileile moja: fedha zilizotumika kutengeneza shokapu mbili na vibadilisha gia viwili lazima zimepunguzwa mahali, na hupunguzwa katika beringi, spoki, rimu na breki, yaani katika sehemu zinazobeba uhai wa mtu.

Tena baiskeli yoyote tayari inacho kipokea mshtuko kilicho chepesi na rahisi kutengeneza, nacho ni hewa iliyomo ndani ya tairi. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la hewa mjini Belfast na kulisajili mwaka 1888, alikuwa akitafuta namna ya kumpunguzia mwanawe mtikisiko wa baiskeli ya magurudumu matatu. Tairi lenye upana wa kutosha, lililojazwa kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake, humaliza sehemu kubwa ya tatizo la mashimo ya mjini.

Kuhusu gia, hesabu yenyewe inatosha kuivunja imani hii. Gia 21 maana yake ni sahani tatu za meno mbele, kwenye pedali, na saba nyuma, kwenye friwili. Katika mpangilio mmoja ulioenea, sahani za mbele zina meno 28, 38 na 48, na za nyuma huanzia meno 14 hadi 28. Mwendeshaji akiweka mnyororo kwenye 28 mbele na 16 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali hulizungusha gurudumu mara 1.75, akiweka 38 kwa 22, hulizungusha mara 1.73, akiweka 48 kwa 28, mara 1.71. Hizo huhesabiwa dukani kuwa gia tatu, ilhali mguu hauwezi kuzitofautisha, na ile ya mwisho huuvuta mnyororo mshazari kiasi cha kuumaliza upesi pamoja na meno yake. Katika mji ulio tambarare kama Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, gia moja iliyochaguliwa vizuri inatosha kwa watu wengi, na gia tatu zinazofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, kama zile ambazo Sturmey-Archer ya Nottingham ilianza kuzitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20, hukaa mbali na vumbi na chumvi ya bahari. Ni kweli kwamba Kigali, Kampala na Mwanza ni miji ya vilima na huko gia nyepesi ni hitaji la haki, lakini hata huko sahani moja mbele na saba nyuma hutoa nafuu kubwa kwa matatizo machache.

Haya hayana maana kwamba baiskeli nzito ya kizamani, ile inayoitwa Black Mamba nchini Kenya, ndiyo kilele cha ubora. Uzito wake hukaribia kilo 20, na rimu zake za chuma zikilowa mvua ya masika hupunguza nguvu ya breki kwa kiasi cha kutisha. Mnunuzi anapaswa kwenda dukani na sumaku ndogo: ikinasa kwenye rimu, hiyo ni chuma, isiponasa, ni aluminiamu, ambayo hushikwa vizuri zaidi na mpira wa breki wakati wa mvua na haili kutu nyekundu. Kisha ainue gurudumu, alizungushe, na kutazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki. Nafasi hiyo ikipanuka na kubana kwa zamu, spoki hazikukazwa sawasawa. Aushike pia mkono wa pedali na kuutikisa kuelekea kwenye fremu, kwani ukicheza, beringi za ekseli yake zimelegea au zimekwisha.

Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, imejaa baiskeli za mjini zisizo na shokapu yoyote, zenye madigadi, kerea, taa na gia chache, na hali haina tofauti kubwa katika mitaa ya Japani. Baiskeli za namna hiyo hufika kwetu zikiwa za mtumba, na mara nyingi hupitwa kwa dharau kwa sababu fremu yake haina bomba la juu na huitwa ya kike, ingawa fremu hiyo humfaa kila anayepanda na kushuka mara kwa mara. Tahadhari moja ni ya lazima: tairi la inchi 26 la baiskeli nyingi za Japani huwa na namba 590 ubavuni, na lile la baiskeli ya milimani, nalo la inchi 26, huwa na namba 559. Namba hizo ni kipenyo kwa milimita mahali tairi linapokaa kwenye rimu, na moja haliwezi kuvaa mahali pa jingine, kwa hiyo mnunuzi ahakikishe kwa fundi wa mtaani kwake kwamba saizi hiyo inapatikana kabla ya kulipa.

Hata baiskeli mpya hufika ndani ya boksi ikiwa nusu imefungwa, na hufungwa haraka dukani. Ile fedha ambayo ingekwenda kwenye shokapu itumike kumlipa fundi afungue vitovu, atie grisi, akaze spoki na kurekebisha urefu wa kiti, mpaka kisigino cha mwendeshaji kifikie pedali iliyo chini mguu ukiwa umenyooka.